Mstari wa Kwanza wa Katiba Yetu

Papa Kesie alirudi kutoka Hombo na chumvi, sabuni, madumu ya mafuta na sheria mpya ya mashirika.

Sheria yenyewe ilikuwa kurasa chache za fotokopi, herufi zimefifia, na alikuwa amezikunja ndani ya kitenge ili mvua isizifikie. Papa Kesie alikuwa mtu wa Butembo, Mkatoliki asiyefungua duka Jumapili hata mteja agonge namna gani. Alikuwa amekaa kwetu Masisi miaka mingi, na Kihunde chake cha kununua na kuuza hakikuwa na kosa. Jina la Kesie tulilitoa kwenye Kifaransa, caissier, kwa sababu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama chetu. Mimi waliniita Madamu, kwa kuwa nilifundisha darasa la tano, na ualimu huo ndio ulionifanya nipewe kazi ya uandishi wa chama.

Chama chetu kilikuwa cha kubeba wagonjwa. Kilima chetu kiko juu ya Kirotshe. Hospitali iko chini kule, kando ya ziwa, na hata kabla ya vita gari halikupanda mpaka kwetu. Mgonjwa alilazwa kwenye kipoyi, machela ya mianzi na blanketi, wanaume wanne wakaitia mabegani, na wengine wakafuata nyuma kuwapokea. Zamani kila familia ilitafuta wabebaji wake yenyewe. Mtu aliyegombana na majirani alikosa wa kumbeba. Mwanamke mmoja mkulima, mjane, aliona jambo hilo halifai. Alisema haiwezekani mama mwenye uchungu wa kuzaa aanze kwanza kuomba msamaha nyumba kwa nyumba. Akakusanya watu, wakakubaliana, na tangu siku ile akawa Mama Prezida. Kusoma hakujua, lakini akisimama kwenye mlango wa nyumba yako na kusema kipoyi kinakungoja, uliweka jembe chini.

Sasa Papa Kesie alitandaza zile kurasa juu ya meza ya dukani na kutueleza. Shirika moja la kanisa lililokuwa likitoa blanketi, taa na dawa lilikuwa limetangaza kwamba litasaidia tu vyama vyenye katiba inayofuata sheria mpya. Ya kwetu ilikuwa ya zamani, ukurasa mmoja na nusu, iliyoandikwa na mwalimu aliyenitangulia.

"Madamu, hii kitu tuifanye mbio," alisema. "Kule Hombo vyama vyote viko nayo."

Ni lazima nieleze nchi ilivyokuwa wakati ule, maana bila hilo kilichotupata hakieleweki. Kongo ilikuwa imekatwa vipande. Kinshasa kulikuwa na serikali, na huku kwetu kulikuwa na waasi waliokuwa na maofisa wao, mihuri yao na kodi zao. Kule Walikale, ndani ya misitu, walikuwako wapiganaji wengine waliosema wao ni watu wa Kinshasa. Wafanyabiashara kama Papa Kesie walipita katikati ya hawa wote na mizigo yao. Hombo ilikuwa mahali pa namna hiyo, ambapo vitu vya upande mmoja vilivuka kwenda upande mwingine. Tulizoea kula chumvi bila kuuliza imetoka upande gani. Hatukufikiri hata mara moja kwamba sheria nayo ina upande.

Tulifanya kazi kila alasiri baada ya shule. Mimi nilisoma Kifaransa, nikaeleza kwa Kiswahili, na Mama Prezida akasikiliza huku akichambua maharage. Maswali yake yalinichosha kuliko ya wanafunzi. Sheria ilitaka tueleze nani ni mwanachama, anaingiaje, anatokaje, nani anaamua, mkutano mkuu unakaa lini. Hayo yote aliyakubali. Tulipofika kwenye kifungu kinachosema kila chama lazima kiandike mali yake itakwenda wapi siku kitakapovunjwa, aliacha maharage.

"Unasema nini?"

Nikarudia.

"Mutoto angali ananyonya, na weye unaandika kaburi yake?"

"Mama, sheria njo inataka hivyo. Si kusema tutakufa."

"Andika basi vipoyi vitaenda kwa hospitali," alisema baada ya kufikiri. "Lakini usilisome kwa sauti kubwa mbele ya watu. Batashituka."

Nililisoma hata hivyo, kwa sababu katiba husomwa yote. Mkutano mkuu ulikaa ndani ya kanisa letu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na kweli palipofika kile kifungu watu waliguna. Mzee mmoja mbebaji aliuliza kama kuna jambo tunalowaficha. Papa Kesie akasimama, akaeleza kwamba hata duka lake ana karatasi inayosema litakwenda kwa nani, na bado yeye mwenyewe yuko mzima na anakula. Watu wakacheka. Mikono ikapanda. Nilipotoka nje nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kushona nguo bila kuharibu kitambaa.

Ilibaki kupata muhuri wa utawala kuthibitisha kwamba chama kiko kweli mahali kinaposema kiko. Mkuu wa posti, kituo cha utawala cha eneo letu, alikuwa mpya, na siku nilipoambiwa ni nani nilifurahi zaidi. Tulisoma wote Pinga, kwetu nilikozaliwa kabla ya kuolewa huku Masisi. Tulikalia benchi moja miaka miwili. Aliandika hati nzuri kuliko darasa zima, na wakati wa mvua tulivuka mto tukishikana mikono.

Tulikwenda mimi na Mama Prezida, asubuhi, tumevaa nguo za misa. Alitupokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Madamu! Njo weye? Karibuni, ikaleni. Mama angali kule Pinga?"

"Angali. Magoti njo yanamusumbua."

"Unisalimie ye sana. Alikuwa ananipa ndizi ya kuchoma kila siku ya soko."

Akaagiza chai. Akamwambia Mama Prezida kwamba amesikia sifa za vipoyi vyake, na kwamba vyama vya namna hii ndivyo vinavyotakiwa. Kisha akachukua katiba, akaifungua na kuanza kusoma huku bado anatabasamu.

Naliona lile tabasamu mpaka leo, jinsi lilivyobaki kwenye midomo baada ya macho kuliacha. Alisoma mstari wa kwanza. Akaurudia. Mstari huo niliuandika kama nilivyouona kwenye mfano ulioambatana na fotokopi: kwa kuzingatia sheria mpya ya mashirika, iliyotiwa sahihi na Rais wa Jamhuri, Kinshasa.

"Kinshasa gani?" aliuliza.

Nilidhani anatania. Nikasema, "Kinshasa ile moja."

"Nakuuliza Kinshasa gani. Hapa unaona Kinshasa?" Alielekeza kidole dirishani, kwenye bendera ya uani na askari waliosimama chini yake. "Nani analipa basoda benye banakulinda? Nani aliniweka mu hii kiti? Mwaleta karatasi ya adui kwa ofisi yangu, mwataka niipige muhuri?"

Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwangu na sikujua pa kukiweka. Nilimwangalia nikimtafuta yule wa benchini. Nilitaka kumwita kwa jina alilokuwa akiitwa utotoni. Alisimama na kuanza kunisemesha kwa Kifaransa cha ofisini, kana kwamba hatujawahi kuonana, akiuliza ni nani aliyetutuma, tunakutana na watu gani wa msituni, vipoyi hubeba nini vikipanda kutoka ziwani.

"Ni miye niliandika," nilisema. "Mama hajui kusoma. Kosa iko yangu."

Mama Prezida aliweka mkono juu ya paja langu.

"Sekretere anaandika yenye tunamuambia," alisema polepole. "Mutu wa hiyo chama ni miye. Kama kuna swali, uniulize miye."

Alikuwa anadhani ataulizwa. Hakuulizwa. Askari wawili waliitwa, wakamshika mikono huku na huku, mama mwenye umri wa kuwazaa, wakampeleka kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mbegu wakati wa amani na sasa kilikuwa kasho, yaani jela ya posti. Kiatu kimoja kilimtoka mlangoni. Nilikiokota. Mkuu wa posti aliketi tena, akavuta katiba karibu, akaniambia bila kuniangalia kwamba kuanzia siku ile chama kimesimamishwa. Hakuna mkutano, hakuna kundi la watu kupanda na kushuka kilima. Atakayekamatwa na kipoyi atahesabiwa kuwa anabebea adui.

Nilirudi nyumbani na kiatu mkononi. Njiani watu waliniuliza Mama Prezida yuko wapi, na kila nilipojibu walikishangaa kile kiatu kwanza, kisha uso wangu. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na hajui bado kama limeuma.

Papa Kesie alipopata habari alifunga duka, siku ya kazi, mchana. Akatelemka mwenyewe mpaka posti na kusema kwamba sheria ni yeye aliyeileta. Walimweka kizuizini, wakamhoji saa nyingi, wakamwachia jioni kwa sababu lori lake, lililolala chini barabarani, ndilo lililobeba pia mafuta yao. Alinikuta nyumbani, akakaa.

"Miaka yote nimepitisha vitu barabarani," alisema. "Banashika sukari, banashika betri. Sikujua kama hata sheria banaweza kuishika."

Kila asubuhi tulimpelekea Mama Prezida chakula. Askari wa zamu alitufungulia kidirisha. Yeye alitaka habari za mashamba, na za nani ana mimba iliyokaribia. Alizijua zote kichwani, na mmoja wao alikuwa wifi yangu.

Wifi alikuwa amekimbia kutoka upande wa Pinga akiwa na mimba kubwa, mume wake, kaka yangu, amebaki nyuma kutafuta ng'ombe waliotawanyika. Alikaa kwangu. Uchungu ulimshika mchana, mvua ikinyesha, na mkunga wetu akamwangalia na kuniambia wazi: mtoto amekaa vibaya, ashushwe Kirotshe sasa hivi.

Nilikwenda kwa wabebaji. Wa kwanza alikuwa yule mzee aliyeuliza kanisani kama tunaficha jambo. Alinisikiliza, akatazama watoto wake.

"Madamu, bamesema batatufunga."

"Najua."

"Batatuua hata."

Niliondoka, nikaenda kwa wa pili, na huyo alikuwa amejifungia ndani. Wa tatu alisema atakuja kama wengine watakuja. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia, maji yananitiririka usoni, naona kwa mara ya kwanza jinsi kitu tulichokijenga kilivyokuwa chepesi. Mkutano, vifungu, mikono iliyopanda, yote yale, na sasa sikuwa na mabega manne. Nilishangaa kama mtoto.

Nilipogeuka kurudi nilimwona yule mzee anakuja. Kipoyi alikiacha. Alikuwa amebeba mlango wa jikoni kwake, ameung'oa.

"Kipoyi banakatala," alisema. "Mulango hawakusema. Na leo sisi si chama. Leo tuko majirani."

Wengine wakatoka mmoja mmoja walipouona ule mlango ukipita. Tulishuka. Hatukuimba kama ilivyokuwa desturi ya wabebaji, hatukuitana. Tulikwepa njia kubwa, tukapita kwenye mashamba ya mihogo, ambako udongo ulikuwa umelowa na watu wakateleza, na mara mbili wifi alianguka. Kwenye njia kubwa asingeanguka. Hilo nalijua. Na kwenye kipoyi angelala vizuri.

Tulifika Kirotshe. Madaktari walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa. Sista aliyetutolea habari aliuliza kwa nini tumechelewa, naye mzee, ambaye bado alikuwa anahema, akasema, "Njia iko mbaya." Ndivyo tulivyosema sote.

Nilikwenda kumwambia Mama Prezida kwenye kidirisha. Alishika vyuma kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, kisha akakiinua.

"Anataka nini, ule mutu?"

Nikamwambia aliyotuagiza kupitia askari wa zamu: anataka tuondoe mstari wa kwanza, tuweke mwingine unaotaja mamlaka ya huku, kisha mkutano mkuu ukae tena ukubali mbele ya mtu wake.

"Basi andika yenye anataka."

"Mama, haitakuwa tena ile sheria. Bale ba shirika ya dawa batakatala."

"Bamama habazale juu ya mustari wa kwanza. Andika."

Niliandika. Mkutano ulikaa, safari hii askari wamesimama kwenye milango ya kanisa, na mikono ilipanda haraka sana. Hakuna aliyeguna kwenye kifungu cha kuvunjwa kwa chama. Mkuu wa posti alipiga muhuri siku ile ile, akamtoa Mama Prezida, akanirudishia karatasi.

"Unaona, Madamu? Haikuwa kazi ngumu." Kisha, kwa sauti ile ya kwanza, ya mlangoni: "Usisahau kunisalimia mama."

Kilichonishtua hapo ni kwamba hakuwa anadhihaki. Alikuwa anatuma salamu kweli.

Vita vilitulia, vikaanza tena, vikatulia kwa namna yake. Nchi ikaunganishwa, angalau kwenye karatasi; waasi wakawa sehemu ya serikali na bendera ikawa moja. Ile sheria ya fotokopi sasa ikawa sheria hata kwetu. Tukaambiwa vyama vyote vipeleke faili Goma. Tulikwenda watu watatu, mimi, Mama Prezida na Papa Kesie, kwenye lori lake, na tulielekezwa ghorofani, mlango wa pili. Niligonga.

Alikuwa yeye. Suti ya kijivu, miwani, kompyuta mezani. Alisimama, akatupokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Pinga. Nikamwambia mama amefariki. Alisikitika kweli, akavua miwani. Kisha akachukua faili letu, akalifungua na kusoma mstari wa kwanza.

"Hii haiwezi kupita," alisema. "Utangulizi wenu hautaji sheria ya nchi. Hii mamlaka mumeandika hapa haiko tena. Lazima muandike: kwa kuzingatia sheria ya mashirika, iliyotiwa sahihi na Rais wa Jamhuri, Kinshasa."

Nilimtazama machoni nikingoja apepese, akohoe, afanye chochote. Alikuwa ananionyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa kuandika, kwa upole, kama mwalimu.

"Unatukumbuka?" aliuliza Mama Prezida.

"Mama, nawakumbuka vizuri sana."

"Unakumbuka ulinifunga juu ya hayo maneno?"

Aliweka kalamu chini. Nje, pikipiki zilipiga honi.

"Wakati ule sheria ilikuwa ile," alisema. "Leo iko hii. Miye ninafuata sheria, Mama. Ni kazi yangu."

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kwa siku nitakapokutana naye. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga nikiwa shambani na nikiwa ubaoni, na yote yaliondoka kwa mkupuo mmoja. Nilichukua faili. Nikasema aksanti, maana mdomo umezoea.

Mkutano wa tatu ulikaa kwenye kanisa lilelile lenye bati jipya. Wengi walikuwa vijana walioingia chamani baadaye. Papa Kesie alipowasimulia kwa nini tunabadilisha mstari ule kwa mara ya pili kuurudisha ulivyokuwa mwanzo, walicheka. Walicheka kwa nguvu, wakapigana mabega. Siwalaumu, maana ukiisimulia inachekesha. Lakini niliona kicheko kile kikipita juu ya vichwa vya wale wa zamani bila kuwagusa. Yule mzee hakucheka. Mama Prezida alikuwa amekataa kuchaguliwa tena, akisema mgongo wake umechoka, na alikuwa anaangalia mikono yake.

Wifi yangu alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alikwisha kuwa mwanachama, na watoto wengine wawili alikuwa amewapata. Katiba ilipopigiwa kura aliinua mkono kama wengine na kuushusha. Watu walipoanza kutoka alinifuata mpaka kwenye meza nilipokuwa nikikusanya karatasi.

"Hii ya leo," aliniuliza, "njo ya mwisho?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilimtazama, nikatazama karatasi.

"Sijue," nilisema.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaniambia ameacha maharage jikoni, akaenda.